Haki ya Mtoto Hailipwi kwa Mbuzi



Katika mikutano yetu tumezoea kuongea juu ya maji, mbuzi wa maziwa na mikopo. Leo tuongee jambo ambalo wengi wetu hulizunguka: mtoto, au mtu mzima asiyeweza kujitetea, anapodhulumiwa kingono na mtu wa karibu, pengine mtu wa kanisani.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Anayemdhulumu mtoto mara nyingi si mgeni. Ni mjomba, jirani, mwalimu, kiongozi wa vijana, katekista au hata padre. Ni mtu tunayemheshimu, na heshima hiyo ndiyo inayomfunga mtoto mdomo.

Ni nani anayelindwa?

Kwa sheria ya Kenya na ya Kanisa, mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini si watoto peke yao. Kanisa linataja pia watu wazima ambao, kwa ugonjwa, ulemavu au kunyimwa uhuru, hawawezi kuelewa au kukataa wanayotendewa, hata kama hali hiyo huwapata mara moja moja tu. Hapa kwetu, fikiria nyanya aliyelala kitandani, au kijana mwenye ulemavu wa akili anayeachwa nyumbani wengine wakienda shamba.

"Tumalize hapa nyumbani"

Tuseme msichana wa miaka 13 amenajisiwa. Wazee wanakaa chini ya mti. Mwenye makosa analeta mbuzi na pesa kidogo, familia mbili zinasalimiana, mambo yamekwisha. Je, yamekwisha kwa nani? Msichana hakuulizwa. Kesho atakutana na yule mtu kisimani. Naye mwenye makosa amejifunza kitu kimoja tu: bei. Baadaye atakuwa mtoto mwingine.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haijui mbuzi. Kunajisi mtoto wa miaka 11 au chini, adhabu iliyotajwa ni kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20 jela. Wa miaka 16 na 17, si chini ya miaka 15. Na hata familia ikipokea malipo, kesi haifi. Uamuzi wa kuisimamisha si wa wazee, wala chifu, wala polisi. Ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Wengine husema, "Hakuna aliyeona." Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu korti kumhukumu mtu wa makosa haya kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, kama hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake. Tena mtoto, au mtu mwenye ulemavu wa akili, anaweza kutoa ushahidi akiwa amefichwa asionwe na mshtakiwa, au kupitia mtu wa kumsaidia kueleza.

Je, Kanisa linasema nini?

Tuseme ukweli. Katika nchi nyingi viongozi wa Kanisa walinyamazia makosa haya, na mapadre wengine walihamishwa tu kutoka parokia moja hadi nyingine. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwaka 2019 hayati Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, na mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu. Sheria hiyo inasema:

- Kila jimbo liwe na mahali panapojulikana pa kupokea malalamiko.
- Padre au mtawa akipata habari za dhuluma hiyo, lazima aripoti.
- Askofu anayeficha makosa naye huchunguzwa.
- Aliyeripoti asilipiziwe kisasi, wala asilazimishwe kunyamaza.
- Sheria za serikali zinabaki na nguvu yake.

Jambo moja la kukumbuka: padre aliyesikia habari katika maungamo haruhusiwi kuisema popote. Kwa hivyo usiiache pale tu. Mwambie pia mtu mwingine nje ya maungamo.

Mtoto akikuambia, ufanye nini?

1. Msikilize kwa utulivu. Usimhoji kama polisi, wala usimwambie arudie kwa kila jirani.
2. Mwambie kwamba si kosa lake. Usimwahidi kwamba utaficha.
3. Mpeleke hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.
4. Ripoti polisi, kwenye dawati la jinsia kama lipo, na upate fomu ya P3, ambayo ni ya bure. Unaweza kuanzia hospitali. Simu ya watoto ni 116, nayo haina malipo.
5. Kama mshukiwa ni mtu wa kanisa, peleka habari kwenye ofisi ya jimbo pia. Ofisi hiyo haichukui nafasi ya polisi, wala polisi hawachukui nafasi yake.
6. Usitangaze jina la mtoto. Wala kikundi kisimpige au kumhukumu mshukiwa. Hiyo ni kazi ya korti.

Kikundi kinaweza kuanza na haya

Pasiwe na mafundisho au mazoezi ya kwaya ya watoto bila watu wazima wawili. Mtoto asitumwe peke yake nyumbani kwa kiongozi yeyote. Wagonjwa na wazee watembelewe na watu wawili wawili. Namba 116 iandikwe mlangoni mwa kanisa, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu, ni makosa gani "tumeyamaliza nyumbani"? Aliyeumia alipata nini?
2. Mtoto wa kijiji hiki akitaka kusema, atamwendea nani? Je, yeye mwenyewe anamjua mtu huyo?
3. Nani kati yetu ataenda kuuliza ofisi ya malalamiko ya jimbo letu iko wapi, na atatuletea jibu lini?