Hakuna ginseng Ufipa, na kiazi kikavu hakina jina

Wasomaji wanaendelea kuuliza: ile "ginseng" inayosemwa kuchimbwa kwenye uwanda wa juu wa Ufipa ni ya kweli? Na mtu aitambueje akikutana nayo porini?

La kwanza ni rahisi. Ufipa hakuna ginseng. Mimea ya jenasi ya Panax asili yake ni misitu ya Korea, China na mashariki mwa Amerika Kaskazini, na mbegu yake haioti mpaka ipite kwenye baridi kali ya miezi kadhaa. Baridi ya Sumbawanga ya Juni na Julai inatutesa, lakini haifiki huko. Anayekuuzia unga wa nguvu za kiume kwa jina hilo, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba umetoka Sumbawanga, anauza sifa ya mji kwa mambo ya uganga. Dawa hana.

Kinachochimbwa kweli huku ni viazi vya okidi za porini, yaani chikanda. Wengine husema kinaka. Vikikaushwa hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha vikapikwa hadi vigande na kukatwa vipande. Nchini Zambia chikanda ni chakula kinachopendwa sana. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi waliandika katika jarida la Oryx kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivuka mpaka kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwenda huko.

Hapo kwenye magadi ndipo penye sayansi tamu. Kiazi cha okidi kimejaa glukomanani, wanga wa minyororo mirefu unaofyonza maji na kuwa ute. Ukikikata kibichi, kisu kinanata. Minyororo hiyo imebeba vikundi vidogo vya asetili vinavyoizuia kusogeleana. Magadi huving'oa vikundi hivyo, moto ukisaidia, na minyororo iliyobaki uchi hushikana kwa nguvu kiasi kwamba hata ukipasha chakula upya hakiyeyuki. Bibi wa kijijini anayejua kiasi cha magadi kwa kutazama tu anafanya kemia ya kweli. Lakini wanga huo unaogandisha sufuria haujathibitishwa popote kuongeza nguvu za kiume. Imani hiyo imetokana na umbo: viazi viwili vya mviringo chini ya shina moja, watu wakaona walichotaka kuona. Uturuki pia wana kinywaji cha viazi vya okidi, salep, na huko nako hadithi ni ile ile.

Vile viazi viwili vina kazi tofauti kabisa. Kimoja ni cha mwaka jana: cheusi, laini, kimekunjamana, kwa sababu kinamalizika kwa kulisha shina na maua ya mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu, cheupe ndani, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka hicho cheupe. Akikichukua, mmea huo mwakani haupo. Mbegu nazo haziwezi kuziba pengo haraka, maana ni vumbi tupu lisilo na chakula cha kuanzia. Haziwezi kuchipua bila kulishwa na kuvu maalumu waliomo kwenye udongo.

Wachimbaji wa ginseng Marekani wana bahati moja. Kwenye shingo ya mzizi, kila shina linalokufa huacha kovu, hivyo umri unahesabika, na majimbo mengi yanakataza kung'oa mmea ambao haujafikisha miaka 5. Okidi hubadilisha kiazi kila mwaka, kwa hiyo kiazi chake hakina kumbukumbu ya umri. Kikishakauka, hata jina lake la spishi limepotea. Mtafiti Sarina Veldman na wenzake walilazimika kusoma vinasaba ili kujua ni okidi zipi zilizomo ndani ya keki ya chikanda. Sasa mchuuzi wa stendi anakwambia ameutambua unga wake kwa macho. Kwa macho gani?

Mmea unatambulika ukiwa umesimama, hasa ukiwa na maua. Satyrium ina vijimirija viwili nyuma ya ua, na baadhi ya spishi zake hulaza majani mawili mapana juu ya ardhi. Disa ina kofia yenye kijimirija kimoja. Habenaria nyingi zina maua ya kijani au meupe yenye mdomo uliogawanyika sehemu tatu.

Linalonitisha zaidi ni mtu kuchimba kimakosa Gloriosa superba, ule mmea unaotambaa wenye maua mekundu na manjano yaliyopinduka kama ndimi za moto. Ncha ya jani lake hujikunja na kushika matawi ya jirani. Okidi hizi hazina kitu hicho. Kiazi cha Gloriosa kimepinda kama pembe ya mraba, na kina kolchisini. Sumu hii hushika protini ya tubulini, ambayo seli huitumia kujenga nyuzi za kugawanya kromosomu. Nyuzi zisipojengwa, seli zinazogawanyika haraka ndizo hukwama kwanza: utumbo, kisha uboho wa mifupa. Ndiyo maana mgonjwa huanza na kutapika na kuharisha kunakofanana na kipindupindu, akaonekana kupata nafuu, kisha figo na moyo vikaanza kushindwa. Kuchemsha hakuiondoi. Wanaosema "cha asili hakina madhara" wanawaua watu.

Tena unga wa "nguvu" unaofanya kazi ndani ya saa moja unastahili kutiliwa shaka zaidi, kwani katika nchi nyingi bidhaa za aina hiyo zimekutwa zimechanganywa kisirisiri na sildenafili. Kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha hadi kifo.

Basi, usinunue unga usiosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Mtu akila kiazi cha porini akaanza kutapika, mkimbize hospitali hata kama amepata nafuu, na nenda na kiazi kilichobaki pamoja na jani lake.