Kiti Kinachosema: Jinsi Sauti Inavyoweza Kukufanya Uihisi Ndege

Ukisimama karibu na spika kubwa kwenye harusi ya mtaani, besi huisikii kwa masikio tu. Inakugonga kifuani, na soda uliyoshika inatetemeka ndani ya chupa. Sauti ni mtetemo, na mwili nao una namna yake ya kuusikia.

Watu wanaorusha ndege za kwenye kompyuta nyumbani, kwa programu kama X-Plane au Microsoft Flight Simulator, wanalitumia jambo hilo kutatua tatizo moja. Picha za simuleta ni nzuri, sauti ni nzuri, lakini kiti kimetulia tuli kama cha sebuleni. Kwenye ndege halisi kiti hakitulii. Kinampa rubani habari ambazo skrini haizionyeshi.

Spika isiyo na koni

Spika ya kawaida ina koili ya waya iliyokaa kwenye uga wa sumaku. Umeme wa mziki ukipita ndani ya koili, koili inaenda mbele na nyuma, inasukuma koni, na koni inasukuma hewa. Sasa toa koni, weka kipande kizito cha chuma mahali pake. Chuma kikisukumwa juu, ganda la kifaa linasukumwa chini. Ni ile sheria ya tatu ya Newton uliyosoma sekondari. Funga ganda kwa skrubu chini ya kiti, basi kiti kizima kinatetemeka.

Vifaa hivi vinauzwa tayari, na ButtKicker ni mojawapo ya majina yanayojulikana. Hapa tuviite vitetemeshi. Kwa kompyuta, kitetemeshi ni spika tu kama nyingine. Kinachohitajika ni amplifaya, pamoja na kadi ya pili ya sauti, ile ndogo ya kuchomeka kwenye USB, ili sauti ya kawaida iende kwenye hedifoni na mtetemo uende kwenye kiti.

Ngozi inasikia nini?

Masafa ya mtetemo hupimwa kwa Hz, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sikio la kijana husikia kuanzia 20 Hz hadi karibu 20,000 Hz. Ngozi ina vihisio vya aina kadhaa. Vingine hufanya kazi vizuri kati ya 10 na 50 Hz hivi, na vile vinavyoitwa vya Pacini hufikia ukali wao karibu na 250 Hz. Juu ya 1,000 Hz ngozi haiambulii kitu cha maana. Ndiyo maana mawimbi ya juu, kama mlio wa filimbi, huchujwa kabla ya kufika kwenye kiti.

Upande wa chini nao una ukuta wake. Tuseme unataka kiti kitetemeke kwa mchapuko wa mita 1 kwa sekunde mraba. Kwa 50 Hz, kiti kinatakiwa kusogea sehemu 1 ya 100 ya milimita. Kwa 10 Hz, ukitaka mchapuko uleule, ni robo milimita, yaani mara 25 zaidi. Ukizidi kushuka, umbali unakua kwa mraba, na kitetemeshi kidogo hakiufikii. Kwa hiyo eneo lake zuri ni kuanzia 20 Hz hadi 80 Hz hivi.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni rahisi: chukua sauti ya simuleta kama ilivyo, pitisha besi peke yake, peleka kwenye kiti. Inafanya kazi dakika hiyohiyo. Shida ni kwamba kiti kinarudia tu kile ambacho sikio limeshasikia. Radi ikipiga mbali, kiti kinatetemeka. Tukio lisilo na besi kwenye sauti ya programu linapita kimya, hata kama kwenye ndege halisi lingekutikisa.

Njia ya pili ni kutengeneza mtetemo kutokana na data. Simuleta inajua kila wakati injini inazunguka kwa kasi gani, magurudumu yamegusa ardhi au la, na bawa limeinuka kiasi gani dhidi ya hewa. Programu nyingine, kama SimHub, inasoma namba hizo na kuzigeuza kuwa mawimbi ya sauti.

Chukua Cessna 172, ndege ndogo inayotumiwa na shule nyingi za urubani duniani, zikiwemo za Uwanja wa Wilson, Nairobi. Injini yake ina silinda 4, na kila silinda huwaka mara 1 katika mizunguko 2. Hiyo ni milipuko 2 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, ni mizunguko 40 kwa sekunde, kwa hiyo milipuko 80. Wimbi lako ni 80 Hz. Ukipunguza hadi mizunguko 600 kwa dakika, linashuka hadi 20 Hz. Kugusa ardhi nako ni pigo moja fupi, na ukubwa wake unafuata kasi uliyoshuka nayo.

Usijaze kiti kelele

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafungua injini hadi mwisho kwa sababu dakika ya kwanza inasisimua. Lakini ngozi huzoea mtetemo usiobadilika, kama unavyosahau saa uliyovaa mkononi. Baya zaidi, mtetemo mkubwa hufunika ule mdogo. Na mdogo ndio wenye habari.

Habari muhimu kuliko zote ni stoli. Stoli haina maana ya injini kuzima. Ni bawa kuinuka mno dhidi ya hewa, mpaka mkondo unabanduka mgongoni mwake na nguvu ya kunyanyua inaporomoka. Hewa hiyo iliyovurugika huitikisa ndege, na rubani aliyezoea huijua kwa mwili.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka Atlantiki. Watu wote 228 walikufa. Ripoti ya mwisho ya wachunguzi wa Ufaransa, BEA, ya mwaka 2012, inaeleza kwamba ndege ilikuwa kwenye stoli na marubani hawakuitambua. Onyo lililia, mtetemo ulikuwepo. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba mafunzo yaliwapa nafasi ndogo ya kukutana na stoli, onyo lake na mtetemo wake. Mwaka 2013 Marekani ilitoa kanuni za kuwataka marubani wa mashirika ya ndege wafanye mazoezi ya stoli kamili kwenye simuleta.

Kwa hiyo ukipanga kiti chako, anza na stoli, kisha kugusa ardhi, kisha barabara ya kurukia. Injini iwe ya mwisho, kwa kiwango cha kuhisika kwa mbali tu. Weka pia mpira chini ya miguu ya kiti. Nguvu itabaki kwako, na jirani wa chini atalala.

Mpaka wake

Kitetemeshi hakikulazi upande ndege ikikata kona, wala hakikukandamizi kitini. Hisia hizo huja kupitia viungo vya mizani vilivyo ndani ya sikio, na kuvidanganya kunahitaji jukwaa zima linalosogea, kama yale ya miguu 6 ya mashirika ya ndege. Wala kiti cha nyumbani hakimfanyi mtu rubani. Kinachoweza kufanya ni kuuzoesha mwili kwamba mtikisiko fulani una maana, na kwamba ukiuhisi unashusha pua kwanza, maswali baadaye.