Setilaiti ya Uhuru na shimo jeusi linalozunguka

Mwenzetu mmoja wa Muleba anauliza: ikiwa shimo jeusi halitoi mwanga, na mwanga ukiingia hautoki, hao wanaosema wamelipima na kujua linajizungusha kwa kasi gani, wamelionaje? Swali ni zuri, na jibu lake linapita karibu na nyumbani kwake kuliko anavyodhani.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani yenye kilo 140 hivi, yaani magunia mawili ya kahawa na ziada kidogo. Kwa ajili ya siku hiyo, na kwa heshima ya wenyeji, setilaiti ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Eksirei tunazozijua ni zile za hospitali, zinazopenya nyama na kuonyesha mfupa. Ajabu ni kwamba zikitoka kwenye nyota hazifiki chini, kwa sababu hewa iliyo juu ya vichwa vyetu inazimeza zote. Ukipeleka darubini ya eksirei kwenye kilele cha Kilimanjaro bado hutaona kitu. Sharti upande juu ya hewa.

Na kwa nini Malindi? Dunia inajizungusha, na penye ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Tena chombo kinachozunguka juu ya ikweta, bila kwenda mbali sana na dunia, hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga mitambo. Uhuru haikuvuka nyuzi 3 kaskazini wala kusini mwa ikweta. Bukoba iko nyuzi 1 na theluthi kusini, na Muleba haifiki nyuzi 2. Kwa hiyo tangu Desemba 1970 hadi Machi 1973, chombo hicho kilikuwa kikipita kwenye anga ya Kagera mara 14 hivi kila siku, watu wakipalilia migomba yao bila habari.

Kitu kimoja kilichowashughulisha sana wataalamu kiko katika kundi la nyota la Cygnus, nacho huitwa Cygnus X-1. Roketi ndogo zilikwisha kukigundua mwaka 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kuwa eksirei zake zinapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kumetameta haraka hivyo, maana mwanga wenyewe huchukua muda kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa hiyo ni kidogo mno.

Mwaka 1971 Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waliichunguza nyota kubwa iliyo mahali hapo hapo. Waliikuta ikiyumba huku na huku kila baada ya siku 5.6. Wafikirie watoto wawili usiku, wameshikana mikono wanazunguka, mmoja amevaa nguo nyeupe na mwingine nyeusi tupu. Utamwona mmoja tu, lakini jinsi anavyozunguka itakuambia ameshikwa, na kama aliyemshika ni mzito au mwepesi. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinampa huyu wa giza uzito wa jua letu mara 21. Stephen Hawking aliweka dau mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali ameshindwa.

Sasa tuje kwenye kuzunguka. Gesi inayovutwa kutoka kwenye nyota haitumbukii moja kwa moja. Inazunguka shimo kama sahani bapa, inasuguana, inapata moto wa mamilioni ya nyuzi, na moto huo ndio unaotoa eksirei. Sahani hiyo ina ukingo wa ndani, ambao gesi ikiuvuka hutumbukia. Kama shimo la uzito huo limetulia tuli, ukingo utakuwa kilomita 190 hivi kutoka katikati, karibu sawa na Bukoba hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka juu ya ziwa. Likijizungusha kama pia, upande ule ule sahani inakozunguka, gesi inaweza kusogea hadi chini ya kilomita 50. Ukianzia Bukoba, hujafika hata Muleba.

Gesi iliyosogea karibu zaidi huwa na moto zaidi, na rangi za eksirei zake hubadilika. Wataalamu husoma rangi hizo, wanakadiria ukingo uko wapi, kisha wanapata kasi. Kwa Cygnus X-1 wengi wamepata zaidi ya asilimia 95 ya kasi ya juu kabisa inayowezekana. Wapo wanaopinga, wakisema hesabu inategemea mno namna unavyodhani sahani ilivyo, na mimi naona hoja yao haistahili kupuuzwa.

Mitambo ilikuwa ya wageni, bahari na ikweta vilikuwa vyetu, na jina ni letu pia. Orodha ya nne ya Uhuru ina vitu 339, na kila kimoja kinaanza na 4U. Mwanafunzi wa Tokyo akiandika 4U 1956+350 anaandika Cygnus X-1, na hiyo U ni Uhuru. Sijui ni walimu wangapi wa sekondari zetu wanaowaambia wanafunzi jambo hilo.

San Marco ilirusha roketi yake ya mwisho mwaka 1988, lakini kituo cha Malindi hakikulala. Tarehe 9 Desemba 2021, Tanganyika ikitimiza miaka 60 ya uhuru, Marekani ilirusha kutoka Florida setilaiti ya eksirei iitwayo IXPE, nayo ikawekwa juu ya ikweta. Siku hiyo ilikuwa bahati tu, hakuna aliyeipanga. Mwaka 2022 iliielekea Cygnus X-1 na kuonyesha kwamba gesi ya moto zaidi imetandaa sambamba na sahani, badala ya kusimama juu yake kama nguzo. Kituo kikuu kilichopangwa kupokea habari zake hapa duniani ni Malindi.