MAFUA SI UGONJWA WA KUCHEKA



Kwenye mashine za kukamua mawese hapa Rumonge, mtu akipiga chafya huku anatetemeka, wenzake humcheka: "Ni ibicurane tu, shika kazi!" Naye hushika kazi, kwa sababu analipwa kwa siku. Asipoonekana leo, jioni hana cha kupeleka nyumbani. Ndivyo ilivyo pia kwa waanikaji wa ndagala ufukweni.

Tuliangalie hilo neno "tu". Ibicurane tunayaita magonjwa mawili kwa jina moja. Kuna mafua madogo ya kamasi, ambayo mtu hutembea nayo. Na kuna homa ya mafua, yaani giripe: inakushika ghafla, joto linapanda, viungo vinauma, kikohozi, nguvu zinakwisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba homa hii, kwa kushambulia mapafu, huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Walio katika hatari zaidi ni wazee, watoto wadogo, wanawake wenye mimba na wenye maradhi ya siku nyingi kama kisukari na pumu. Kijana mwenye nguvu mara nyingi hupona. Lakini jioni anarudi kwa mama yake mzee na mtoto wake mchanga.

Chanjo ya homa hii ipo tangu miaka ya 1940. Haimo katika chanjo za kawaida wanazopewa watoto wetu, kwa hiyo wengi hatuijui. Huenda mwenzako aliyekwenda Makka ameisikia, maana Saudi Arabia huwashauri mahujaji wachanjwe mafua kabla ya safari.

Tukiizungumzia, wenzetu hutoa hoja tatu.

Kwanza: "Sindano italeta ugonjwa." Hapana. Virusi vya sindano hiyo vimekwisha kuuawa. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine na joto kidogo, basi.

Pili: "Fulani alichanjwa, na bado akaugua." Huweza kutokea. Kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka, na haizuii kila kitu. Lakini hupunguza hatari ya kuzidiwa na kufa. Tena virusi hivi hubadilika, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka.

Tatu: "Wakubwa wenyewe hawana neno moja." Hapa tuseme kweli. Februari 2021 Waziri wa Afya alisema nchi yetu haikuwa bado na haja ya chanjo ya korona. Oktoba mwaka huo huo zikafika dozi 500,000 kutoka China, na waliojitokeza wakawa wachache sana. Mtu aliyesikia maneno mawili katika mwaka mmoja si mjinga akisita. Anahitaji kuelezwa, si kutukanwa.

Kuogopa si aibu. Mwaka 1977 mfanyakazi mwenzetu, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu ya sindano. Ndui ikampata. Watu waliomzunguka wakachanjwa haraka, ugonjwa ukaishia hapo: yeye ndiye wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akawa anahimiza chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi kosa lake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Mafua hayatafutika kama ndui, lakini tunaweza kupunguza madhara yake. Chama kidai mambo matatu kwa waajiri: mwenye homa alale nyumbani bila kukatwa siku yake, muuguzi aje kazini kueleza na kujibu maswali kwa lugha tunazozielewa, na wenzetu walio hatarini watafutiwe chanjo bila kutozwa.

Wakati tunadai, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Kohoa kwenye kiwiko. Nawa mikono kwa sabuni. Ukiwa na homa, usilale karibu na mtoto mchanga. Usikimbilie amoksisilini ya dukani, maana haiui virusi. Ukishindwa kupumua vizuri, nenda kituo cha afya mara moja.

Na mwenzako akitetemeka kazini, usimcheke. Mpokee mzigo, mwambie aende akalale, kisha tusimame pamoja kuidai siku yake.