Mbwa wa Ghorofani: Tazama Pua Kabla ya Manyoya

Kadiri ghorofa zinavyoongezeka Kivukoni, Kisutu, Upanga na Kariakoo, ndivyo swali moja linavyozidi kunifikia kazini: "Daktari, nakaa fleti, nichukue mbwa gani mdogo?" Mara nyingi anayeuliza ameshachagua. Ameona mtandaoni picha ya kijibwa chenye macho makubwa na pua iliyobonyea, ameshatoa kishika uchumba kwa muuzaji, na kwangu anatafuta baraka tu.

Makala haya nawaandikia ambao hawajalipa bado. Udogo peke yake haumfanyi mbwa afae kuishi ghorofani. Hapa Dar es Salaam kuna mambo manne yenye uzito kuliko kilo zake: pua yake, manyoya yake, sauti yake, na majirani mtakaopanda nao lifti moja.

Pua na joto la pwani

Binadamu akisikia joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hana uwezo huo. Tezi zake za jasho zenye msaada ziko kwenye nyayo, tena ni chache. Njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema: hewa hupita haraka puani, kinywani na juu ya ulimi, unyevu hukauka na kuondoka na joto. Ili njia hiyo ifanye kazi, mbwa anahitaji pua yenye nafasi na hewa isiyojaa unyevu. Hicho cha pili Dar es Salaam hatuna. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na hewa ya bahari imelowa kiasi kwamba ulimi wa mbwa haukauki upesi, ahemeje. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipanda hadi 41, ubongo, ini na figo huanza kuharibika, na anaweza kufa siku hiyohiyo.

Sasa mchukue mbwa ambaye hata hiyo pua amepunguziwa. Pug, French Bulldog, Pekingese na Shih Tzu wamezalishwa kwa vizazi vingi ili uso uwe bapa. Mfupa wa pua umefupishwa, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kadiri hiyo. Zimejibana humo humo na kuziba njia ya hewa. Watafiti wa Royal Veterinary College ya London, katika utafiti uliotoka mwaka 2020 na kupitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 900,000 wa Uingereza, waliona kwamba ukilinganisha na Labrador, uwezekano wa Bulldog kuugua kwa joto ulikuwa mara 14, French Bulldog mara 6 na Pug mara 3. Hiyo ni Uingereza, nchi ya makoti na mvua. Kwetu, mbwa wa aina hiyo anayeachwa kwenye fleti iliyofungwa, umeme ukakatika saa saba mchana na feni ikasimama, yuko hatarini kweli.

Namna ya kupima ni rahisi. Mtazame mtoto wa mbwa kwa upande. Pima kwa vidole kutoka ncha ya pua hadi pale inapokutana na paji la uso, kisha kutoka hapo hadi mfupa wa kisogo. Uholanzi imekataza kuzalisha mbwa ambao kipimo cha kwanza hakifiki takriban theluthi ya kile cha pili. Kwa joto letu, mimi nashauri kifike nusu. Halafu tazama matundu ya pua yakiwa mbele yako. Yawe wazi na ya mviringo. Yakiwa kama mistari miwili iliyobana, hapo pana tatizo. Mwisho, mwache acheze dakika mbili na umsikilize. Mbwa mwenye njia nzuri ya hewa huhema bila kelele. Anayekoroma ilhali yu macho anakuonyesha ugonjwa, hata kama muuzaji atakuambia ndivyo aina hiyo ilivyo.

Manyoya

Japanese Spitz na Pomeranian wanapendwa sana kwa weupe na wingi wa manyoya. Wote wawili wana tabaka mbili: la juu refu na la chini zito kama sufi, ambalo lipo kwa ajili ya baridi. Katika unyevu wa pwani tabaka la chini likilowa halikauki, ngozi inavimba na kutoa vidonda vinavyonuka. Wengine huamua kumnyoa mbwa hadi kwenye ngozi. Msifanye hivyo, kwani manyoya hayo yanaweza yasirudi vizuri, na ngozi iliyo wazi huungua na jua.

Maltese na Yorkshire Terrier wana tabaka moja. Hawapukutishi sana, jambo zuri kwa fleti yenye makochi ya kitambaa, ila nywele zao hukua mfululizo. Zipunguzwe kila baada ya wiki sita hivi zibaki fupi, au zichanwe kila siku. Asiye na muda wala fedha ya kunyoa amchukue mbwa mwenye manyoya mafupi.

Manyoya marefu yana shida nyingine: huficha kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa huweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike akishiba damu huteremka, huingia kwenye nyufa za ukuta au nyuma ya kabati, na kutaga mayai kwa maelfu. Kuishi ghorofa ya nane hakukukingi, kwa sababu kupe mmoja aliyepanda naye kutoka bustanini anatosha kuanzisha ukoo. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio ya mbwa wako, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Ukikuta kijivimbe kama punje ya mtama chenye miguu, ndiye huyo. Dawa ya kupe itolewe kwa ratiba mwaka mzima.

Sauti

Vijibwa vingi vidogo hubweka kuliko majibwa. Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier na Dachshund ni walinzi kwa silika. Kila hatua ukumbini kwao ni mwizi. Katika majengo ya Kariakoo, ambako chini kuna maduka, juu kuna stoo na juu zaidi kuna familia, hatua ukumbini haziishi tangu alfajiri hadi usiku. Wanafundishika, lakini fundisho lianze wiki ya kwanza, na mbwa asikae peke yake kutwa.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba Afrika ina mbwa wake mdogo asiyebweka. Basenji asili yake ni misitu ya Kongo, na mwaka 1937 alionyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, London. Ana uzito wa kilo 10 au 11, manyoya mafupi, pua ya kawaida, hujilamba na kujisafisha kama paka, na hutoa sauti ya kuimba badala ya kubweka. Lakini ni mbwa wa mawindo. Asipokimbia vya kutosha kila siku atatafuna viatu, magodoro na milango. Namshauri kwa mtu anayekimbia mwenyewe kila asubuhi kando ya bahari, na aliye tayari kutafuta sana, kwa kuwa Basenji halisi hapatikani kirahisi.

Nani basi anafaa?

Kwa fleti ya kawaida yenye mtu nyumbani, Maltese aliyenyolewa mfupi ni chaguo jema. Ana kilo 3 au 4, ni mchangamfu, na matembezi mawili mafupi kwa siku humtosha. Yorkshire Terrier anamfuata. Chihuahua mwenye manyoya mafupi huvumilia joto, ila mifupa yake ni myembamba na mara nyingi hufikishwa kwetu mguu umevunjika baada ya kuruka kutoka mikononi mwa mtoto. Mwenye watoto chini ya miaka saba amwache. Dachshund ana pua nzuri na manyoya yanayofaa, lakini mgongo wake mrefu hauhimili ngazi. Kama lifti ya jengo lenu husimama kila umeme unapokatika, jiulize kama utambeba hadi ghorofa ya sita. Jack Russell mpeleke kwenye nyumba yenye uwanja.

Na kwa watu wengi wanaoniuliza, jibu langu la kwanza ni mbwa wa kienyeji wa umbo dogo, hasa jike la kilo 10 hivi. Pua yake ni ndefu, manyoya yake ni mafupi, na vizazi vyake vimeishi katika joto hili hili. Akichukuliwa akiwa na wiki nane, akachanjwa, akahasiwa na kufundishwa, hukaa fletini vizuri kuliko wengi wanaouzwa kwa fedha nyingi. Anadharauliwa kwa sababu ni wa bei rahisi, na dharau hiyo haina msingi wowote wa kitabibu.

Majirani

Katikati ya jiji letu jengo moja hukaliwa na Sunni, Ithnaasheri, Bohora, Mhindu, Mkatoliki na Mlutheri. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, mbwa ni najisi. Akigusa nguo au chombo kwa mate au kwa unyevu, kinaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Fikiria jirani aliyetawadha, anawahi sala ya magharibi, lifti inafunguka, na mbwa wako aliyenyeshewa anajikung'uta mbele yake. Umemlazimisha arudi juu kubadili nguo, na pengine sala ya jamaa imempita. Mtu huyo akilalamika kwa msimamizi wa jengo, ana haki.

Hapo ndipo udogo una faida ya kweli, kwani mbwa wa kilo 4 hubebeka. Mtie kwenye begi lake, subiri lifti iliyo tupu, na umtoe nje baada ya nyakati za sala. Ukimtembeza mapema asubuhi kabla jua halijakolea, au usiku baada ya magharibi, lami nayo inakuwa imepoa. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami na uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitaweza. Umfunge mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni, kwa kuwa koo la vijibwa hivi ni laini na hulegea likivutwa mara kwa mara.

Roshani nayo ina mambo yake. Kijibwa cha kilo 2 hupenya kati ya nondo, kwa hiyo funga wavu kabla hajafika. Mfundishe kujisaidia kwenye trei yenye mchanga au magazeti, na usimwage maji ya kuosha mkojo yakateremka kwenye nguo alizoanika mama wa chini.

Yuko mtu mwingine wa kuulizwa mapema: dada wa nyumbani. Wewe utatoka saa kumi na mbili asubuhi na foleni itakurudisha saa mbili usiku. Atakayemlisha, kumsafishia na kukaa naye ni huyo dada. Kama anaogopa mbwa, au dini yake haimruhusu kumgusa, lazima ujue kabla, na uheshimu jibu lake.

Chanjo na afya

Chanjo za parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Usidhani mbwa wa ndani haihitaji. Kichaa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya wataalamu, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Kwa wakazi wa jirani na masoko naongeza chanjo ya leptospira, ugonjwa ambao wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Panya huueneza kwa mkojo, na penye vyakula vingi kama Kariakoo na Feri panya hawakosekani. Ugonjwa huu humpata mbwa na humpata binadamu.

Kumfunga mbwa kwa mnyororo juu ya paa kutwa nzima, kwa sababu fleti imekushinda, ni mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na kumkinga na madhila ya aina hiyo.

Ndugu msomaji, kabla ya kulipa soma mkataba wako wa pango, zungumza na majirani wa ghorofa yako, kisha mwambie muuzaji mkutane kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, akiwa na mtoto wa mbwa na kadi yake ya chanjo. Anayekataa ana jambo analolificha. Mbwa mdogo akitunzwa huishi miaka 12 hadi 15. Mtoto wako aliye darasa la kwanza leo atakuwa amemaliza kidato cha sita, na mbwa huyo huenda bado atakuwa anakuhitaji. Chagua yule utakayeweza kumtunza muda wote huo, katika joto hili na katika jengo hilo. Ukiona huwezi, usimchukue. Huo nao ni uamuzi wa mtu anayempenda mbwa.