WASICHANA NA BAISIKELI: WOGA UNATOKA WAPI?



Mara mingi tunasikia: "Bashichana banaogopa barabara." Watu wanasema hivyo kama vile woga uko ndani ya damu. Tuangalie vizuri, kwa sababu msichana asiyepanda kinga anatembea saa mbili kwa miguu, anafika klasi akiwa amechoka.

Mtoto mwanaume wa Masisi anaanza na chukudu ndogo ya miti. Akishuka kilima anakanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, ndiyo breki yake. Anaanguka, wanacheka, anasimama, anaendelea. Akifika miaka 15 anajua kwa masikio tu kama kamyo inapanda ao inashuka. Dada yake miaka hiyo yote alikuwa na bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, macho chini. Walipita barabara moja, lakini hawakujifunza kitu kimoja. Upande wa Walikale ni vilevile: wanaosukuma baisikeli za mizigo ni wanaume, mama wanabeba mgongoni.

Halafu siku moja huyu dada anapewa baisikeli ya kaka yake. Fito ya juu inamzuia kupanda na kikwembe, makamyo yanapita, vijana wanapiga kelele. Atatetemeka, ndiyo. (Suruali? Wazee wa kanisa wana neno lao hapo.)

Kule Uholanzi wanawake wanapanda baisikeli sawa na wanaume, hata kuwapita kidogo. Uingereza wanaume wanawapita sana. Damu ni moja. Lakini Uholanzi msichana anaanza akiwa mdogo, na barabara nyingi zina njia ya baisikeli peke yake.

Woga nao unaangusha. Mwenye kuogopa anabana ukingoni kabisa, penye changarawe na mfereji. Akigeuza kichwa, usukani unafuata. Afadhali aache nafasi ya mkono mmoja toka ukingo, aende sawasawa, na kama kamyo inakuja penye kona nyembamba, ashuke mapema.

Wavulana wasijisifu. Shirika la Afya Duniani linasema wanaume wanakufa barabarani karibu mara 3 kuliko wanawake. Yule anayeshika kamyo kwa nyuma ili imvute anaitwa shujaa, lakini hana breki wala akili.

Uwanja wa mpira jioni unatosha kujifunza kugeuka, kufunga breki, na kuangalia nyuma bila kuyumba, mbele ya kuingia barabarani. Wenye baisikeli wazikopeshe.