Je, wajua ngisi ana kalamu na wino?

Mvute ngisi kichwa taratibu juu ya sinki. Kichwa hutoka na matumbo yote, mkononi ukabaki mfuko mweupe ulio wazi upande mmoja. Ingiza kidole humo, papasa upande wa mgongo, utagusa kitu kirefu, chembamba, kinachopenya mwanga kama plastiki ya chupa ya maji. Kivute. Kinachomoka kizima, bila ubishi.

Wengi hukitupa wakidhani ni mwiba. Si mwiba. Ni masalio ya gamba. Ngisi ni ndugu wa konokono na chaza, na mababu zake wa mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita walibeba gamba nje ya mwili kama wao. Baadaye gamba likaingia ndani, likakonda, likabaki kijiti hicho cha kitini, dutu ileile inayojenga ganda la kamba na la mende. Humsaidia kukaa mnyoofu anapoogelea.

Umbo lake ni la unyoya wa kuandikia, na hata jina la ngisi kwa Kiitalia linahusiana na kuandika. Waitalia humwita calamaro, kutokana na neno la Kilatini lililohusu kalamu, ambalo nalo lilichimbuka katika Kigiriki kalamos, yaani tete. Tete hilohilo lilipita kwa Waarabu likawa qalam, likavuka bahari likafika kwetu likawa kalamu. Kwa hiyo anayeagiza calamari hotelini kule Napoli na mwanafunzi wa Tanga anayeazima kalamu darasani wanatamka maneno ya ukoo mmoja. Kidau cha wino, kwa Kiitalia, ni calamaio.

Na wino anao. Katikati ya yale matumbo uliyoyavuta kuna kifuko kidogo chenye mng'ao wa fedha. Kikipasuka, sinki lote litakuwa jeusi. Weusi huo ni melanini, rangi ileile iliyo katika ngozi na nywele zetu, ikiwa imechanganywa na ute ili wingu lisitawanyike haraka majini. Adui anakimbilia wingu, mwenyewe keshaondoka. Melanini haiozi kirahisi. Mwaka 1826 Mary Anning, mchimbaji wa visukuku wa Lyme Regis, Uingereza, alikuta wino mkavu ndani ya mabaki ya belemnaiti, jamaa wa kale wa ngisi waliogeuka mawe. Rafiki yake Elizabeth Philpot aliusaga, akautia maji, akauchorea picha. Wino wa zaidi ya miaka milioni 180, na bado uliandika!

Sasa tuwashe jiko, maana nimekuita kupika tambi za ngisi na nimekuweka kwenye sinki muda mrefu.

Mara ya kwanza nilipopika chakula hiki nilifuata akili ya nyama. Nilimkata ngisi pete, nikamtia kwenye mafuta yenye kitunguu saumu, na kwa kuhofia kula kibichi nikamwacha dakika kumi. Tulitafuna kandambili. Mgeni wangu, mtu mwenye adabu, alimeza pete mbili nzimanzima na kuteremshia maji.

Kosa halikuwa moto. Lilikuwa saa. Mfuko wa ngisi ni msuli uliobanwa kati ya tabaka za kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama. Samaki naye ana kolajeni, lakini ni kidogo na laini, huyeyuka upesi, ndiyo maana changu akiiva nyama humeguka kwa uma. Ya ngisi ni nyingi zaidi na imefungamana sana, inakaribia ya ng'ombe kuliko ya samaki. Joto likipita nyuzi 60 hivi, kolajeni hiyo hujikunyata, ikakamua maji ya msuli kama mtu anayekamua nguo. Pete inasinyaa, inakaza, inakuwa mpira. Ukimtoa mapema, dakika moja au mbili juu ya moto mkali, mkunyato unakuwa haujafika mbali. Ukishachelewa, dawa ni kuendelea: funika, punguza moto, mwache achemke taratibu kwenye rojo la nyanya dakika 40 au zaidi, mpaka kolajeni yenyewe ilegee na kugeuka jelatini. Ngisi analainika tena. Katikati ya dakika 2 na dakika 40 hakuna mlo.

Msuli huo unaoukata pete una heshima nyingine ambayo jikoni haionekani. Nyuzi zake nyingi huzunguka mfuko kama pete za pipa. Ngisi anaposhtuka huubana mfuko mzima kwa mpigo mmoja, maji yakachoropoka kwa kasi kupitia mrija ulio chini ya kichwa, naye akarushwa kinyumenyume. Ili misuli yote ipate amri kwa pamoja, anahitaji neva ya kasi. Sisi tumefunga neva zetu kwa utando wa mafuta ili ujumbe ukimbie. Ngisi hana utando huo, kwa hiyo ameongeza unene. Uzi mmoja wa neva yake unaweza kukaribia upana wa milimita 1, unaonekana kwa macho, wakati wetu hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Unene huo ndio uliowawezesha Alan Hodgkin na Andrew Huxley kupenyeza waya mwembamba ndani ya neva ya ngisi huko Plymouth, na mwaka 1939 wakatangaza vipimo vya umeme vilivyochukuliwa kutoka ndani ya neva. Mwaka 1952 walieleza kwa hesabu jinsi chembe za sodiamu na potasiamu zinavyoingia na kutoka na kuzaa umeme huo, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles. Daktari anayekuchoma ganzi kabla ya kung'oa jino anazuia mlango uleule unaopitisha sodiamu kuingia ndani ya neva.

Tambi nazo zina yao. Wengi wetu wa pwani tumezijua kwanza zikiwa tamu: unazivunja, unazikaanga mpaka zibadilike rangi, unazipika kwa sukari, iliki na zabibu, na mwezi wa Ramadhani hazikosekani. Spageti ya Mwitalia haivunjwi wala haikaangwi. Ni ya ngano ngumu, na tangu mwaka 1967 sheria ya Italia inataka tambi kavu zinazotengenezwa nchini humo ziwe za semolina ya ngano hiyo, kwa sababu protini yake hushika wanga vizuri na tambi hairojeki. Kipimo cha kwao ni rahisi kukariri: gramu 100 za tambi kwa kila mlaji, lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi. Gramu 10 ni karibu vijiko viwili vidogo vilivyosawazishwa. Usiogope, nyingi hubaki majini.

Maji hayo usiyamwage! Tambi zinapochemka, chembe za wanga huvimba, nyingine hupasuka, na maji yakawa meupe kama ya mchele uliooshwa. Ndiyo gundi ya chakula hiki. Mafuta na maji hayapatani, lakini wanga huo hukaa katikati yao, ukazuia matone ya mafuta yasikusanyike tena juu. Mchuzi unakuwa mzito, unang'ang'ania tambi badala ya kuteleza na kukaa chini ya sahani.

Kwa walaji wanne, basi, chukua gramu 400 za spageti na ngisi gramu 600. Mkaushe kwa kitambaa kabla ya kumkata, maana akiwa na maji atachemka badala ya kukaangika. Tambi zikibakiza dakika tatu hivi kuiva, pasha kikaango kwa mafuta ya zeituni, tia punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba na pilipili moja, kisha ngisi. Dakika moja na nusu, mtoe pembeni. Tia tambi kwenye kikaango na upawa mmoja au miwili ya maji yake, zirushe mpaka mchuzi ushike, mrudishe ngisi, kamua ndimu, nyunyiza kotmiri, pakua hapohapo. Jibini haihitajiki. Waitalia wengi watakukunjia uso ukiinyunyiza juu ya vyakula vya baharini, na kwa hili nipo upande wao.

Sokoni, kumchagua si kazi. Ngozi ya ngisi imejaa madoa madogo, na kila doa ni kifuko cha rangi kinachovutwa na misuli yake pande zote. Akivuta, rangi inapanuka, akiachia, inanywea. Ngisi aliyetoka majini sasa hivi huendelea kumetameta madoa hata akiwa amekufa. Aliyekaa siku nyingi, vifuko vimeshavuja na nyama imekuwa ya waridi. Damu usiitafute: hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, ni ya buluu ikiwa na oksijeni na haina rangi ikiikosa. Mioyo inayoisukuma ni mitatu, miwili kwa ajili ya mashavu ya kupumulia na mmoja kwa ajili ya mwili.

Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wapo vijana wanaokusafishia kwa malipo kidogo, na matumbo huishia kwenye ndoo kabla hujageuka. Wapishi wa Venezia na Sisilia hawakubali hasara hiyo: wino, hasa wa dome, jamaa wa ngisi, wanautia kwenye mchuzi na spageti inatoka nyeusi tii, yenye chumvi ya bahari ndani yake. Kwa hiyo ukifika, kabla kisu hakijagusa, mwambie anayekusafishia asitupe kile kifuko cha fedha.